Umeumia Kazini: Namna ya Kufuatilia Fidia Hatua kwa Hatua

Maswali ya watu walioumia kazini yanafanana kiasi kwamba mtu anaweza kuyataja kabla hayajaulizwa. Je, nitalipwa ikiwa kosa lilikuwa langu? Mwajiri ameahidi kulipa hospitali, sasa fomu ni za nini? Nilikuwa na wiki moja tu kazini, je, nina haki? Nimeshasaini karatasi niliyopewa, je, mambo yamekwisha? Mwongozo huu unayajibu kwa mfuatano ule ule ambao mambo hutokea, kuanzia siku ya ajali hadi siku ya malipo au ya rufaa. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, hasa kuhusu muda wa mwisho wa kudai na viwango vya malipo. Kwa hiyo popote utakapoona muda au kiwango kimetajwa, tafuta kile kilichomo katika sheria inayokuhusu wewe.

Jambo moja la kuelewa kabla ya yote ni kwamba fidia ya ajali kazini si kesi ya kumtafuta mwenye kosa. Tangu Ujerumani ilipotunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, na Uingereza ikatunga yake mwaka 1897, msingi umekuwa kwamba mfanyakazi halazimiki kuthibitisha uzembe wa mwajiri, wala hanyimwi malipo kwa sababu tu yeye mwenyewe aliteleza au alisahau. Kwa upande wa pili, katika nchi nyingi mfanyakazi anayelipwa kwa utaratibu huu hawezi tena kumshtaki mwajiri mahakamani ili apate zaidi, isipokuwa katika mazingira maalumu. Unachopaswa kuonyesha ni mambo matatu: kwamba ulikuwa mfanyakazi, kwamba una jeraha au ugonjwa, na kwamba jeraha hilo limetokana na kazi. Hilo la tatu ndilo linalobishaniwa zaidi, na mabishano hayo mara nyingi huamuliwa na kile kilichoandikwa, au kilichoachwa bila kuandikwa, katika siku za mwanzo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kusanya vifuatavyo katika faili moja, na kila karatasi uipige picha ya simu siku ile ile unayoipata:

- kitambulisho chako na mkataba wa ajira, au chochote kinachoonyesha kwamba unafanya kazi pale: kadi ya kazi, daftari la mahudhurio, ujumbe wa kupangiwa zamu;
- hati za mshahara za miezi 12 iliyopita, pamoja na kumbukumbu za malipo ya saa za ziada;
- karatasi zote za hospitali, kuanzia ile ya siku ya kwanza;
- risiti za dawa, nauli za kwenda kliniki na vifaa tiba;
- majina na namba za simu za waliokuwepo ajali ilipotokea;
- daftari dogo la kuandika tarehe, maumivu na mazungumzo.

Vilevile ujue mapema nani atakayelipa. Ziko nchi ambazo mlipaji ni mfuko wa umma unaochangiwa na waajiri, nyingine mlipaji ni kampuni ya bima ambayo mwajiri amekata bima kwake, na nyingine mwajiri mwenyewe anawajibika moja kwa moja. Utaratibu wa kudai unafanana, lakini barua zako zinakwenda kwa watu tofauti. Usisubiri hadi ukamilishe orodha hii yote ndipo uanze. Faili hujazwa kadiri safari inavyoendelea.

Hatua ya 1: Tibiwa, na useme umeumia ukiwa kazini

Nenda ukatibiwe mara moja, hata kama jeraha linaonekana dogo. Ukifika mbele ya tabibu, eleza kwa ufupi namna ulivyoumia na useme wazi kwamba ulikuwa kazini, kisha umwombe aandike hivyo kwenye kadi au faili lako. Karatasi ya kwanza ya hospitali ina uzito kuliko zote zitakazofuata, kwa kuwa imeandikwa kabla mtu yeyote hajaanza kufikiria fedha.

Taja kila sehemu inayouma, si ile inayouma zaidi peke yake. Mtu aliyeanguka kutoka kwenye ngazi akavunjika mkono huuzungumzia mkono tu, kwa sababu ndio unaomliza. Baada ya wiki tatu bega au kiuno kinapoanza kumsumbua, mlipaji atauliza kwa nini halikuandikwa siku ile.

Tahadhari: wapo wanaoambiwa na wasimamizi wao waseme kwamba walianguka nyumbani, kwa ahadi kwamba ofisi itawagharamia kimyakimya. Usikubali. Gharama ya siku ya kwanza inaweza kulipwa kweli, lakini mguu ukihitaji upasuaji wa pili mwaka ujao, hakutakuwa na karatasi hata moja inayokuunganisha na kazi, na maneno yako mwenyewe hospitalini yatakuwa ndiyo ushahidi dhidi yako.

Hatua ya 2: Toa taarifa kwa mwajiri kwa maandishi

Kumwambia msimamizi kwa mdomo ni jambo jema, lakini halitoshi. Andika taarifa siku hiyo hiyo au kesho yake. Ukiwa hujiwezi, ndugu au mfanyakazi mwenzako aandike kwa niaba yako. Ikiwa mahali pa kazi pana rejista ya ajali, hakikisha ajali yako imeandikwa humo, usome kilichoandikwa, na upige picha ukurasa huo.

Ubora wa taarifa hii ndio unaotenganisha dai linalokwenda vizuri na lile linalorudishwa mara kwa mara. Taarifa inayosema «niliumia mgongo kazini» haimsaidii mtu yeyote. Ilinganishe na hii:

«Tarehe 14 Machi, saa 4 na dakika 20 asubuhi, nikiwa ninashusha magunia kutoka kwenye lori katika ghala namba 2, niliteleza kwenye sakafu iliyokuwa imemwagikiwa mafuta, nikaangukia kiuno upande wa kushoto. Gunia nililokuwa nimebeba liliniangukia kifundo cha mkono wa kulia. Nilisikia maumivu papo hapo sehemu zote mbili. Karani wa ghala na dereva wa lori walikuwepo. Nilimwarifu msimamizi wa zamu saa 4 na nusu, nikapelekwa hospitali saa 5.»

Taarifa hii imejibu lini, wapi, ulikuwa unafanya kazi gani, nini kilitokea, ni viungo gani viliumia, nani aliona na nani aliarifiwa. Haina lawama, haina makisio, na haina neno «labda». Kama hukumbuki saa kamili, andika «kati ya saa 4 na saa 5». Hiyo ni bora kuliko kutaja dakika ambayo shahidi ataipinga. Toa nakala mbili, moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea, pamoja na tarehe. Akikataa kusaini, itume kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu ili ibaki na tarehe yake.

Hatua ya 3: Hifadhi ushahidi wa mahali

Sakafu itasafishwa, mashine itatengenezwa, na kinga iliyokosekana kwenye msumeno itakuwa imefungwa kabla hujatoka wodini. Mwombe mwenzako apige picha haraka, iwapo jambo hilo linaruhusiwa na halimhatarishi. Nguo au buti zilizoraruka zisitupwe. Mashahidi waandike wenyewe walichokiona, kila mmoja kwa maneno yake. Maelezo matatu yanayofanana neno kwa neno hutiliwa shaka kuliko kutokuwepo kwa maelezo kabisa.

Hatua ya 4: Hakikisha taarifa imetoka ofisini

Kwa kawaida mwajiri ndiye anayepaswa kupeleka taarifa ya ajali kwa mfuko, kwa kampuni ya bima au kwa mamlaka ya kazi, ndani ya muda uliowekwa na sheria. Usidhani kwamba amefanya hivyo kwa kuwa alikusikitikia. Baada ya siku chache omba nakala ya fomu iliyopelekwa na namba ya dai, kisha soma fomu hiyo mstari kwa mstari: jina lako, tarehe ya ajali, viungo vilivyoumia na mshahara uliotajwa. Kosa la tarehe hurekebishwa kwa barua moja sasa, lakini likigunduliwa wakati wa tathmini linaweza kusimamisha kila kitu.

Ni muhimu kutofautisha taarifa ya ajali na dai la fidia. Katika mifumo mingi hizi ni karatasi mbili zenye muda wa mwisho tofauti, na kuwasilisha ya kwanza hakumaanishi kwamba ya pili imewasilishwa.

Hatua ya 5: Jua unachodai, na ukihesabu mwenyewe

Mkataba Na. 121 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1964, unatoa picha nzuri ya mafao yanayotarajiwa katika nchi zilizouridhia, na sheria nyingi za mahali pengine zina sura kama hiyo. Mafao yenyewe ni haya.

Matibabu huhusu zaidi ya daktari na dawa. Mkataba huo unataja pia wataalamu bingwa, huduma ya meno, uuguzi wa nyumbani, kulazwa, miwani, na viungo bandia pamoja na kuvitengeneza na kuvibadilisha vinapochakaa. Wengi hupewa mguu bandia mara moja, wakaacha kudai wa pili kwa kutojua kwamba wana haki ya kuupata.

Malipo ya ulemavu wa muda hufidia sehemu ya mshahara wakati huwezi kufanya kazi. Kiwango cha chini katika Mkataba Na. 121 ni asilimia 60 ya mapato, kikipimwa kwa mfanyakazi wa mfano mwenye mke na watoto wawili, ilhali Mkataba Na. 102 wa mwaka 1952, ambao unahusu hifadhi ya jamii kwa ujumla, uliweka asilimia 50. Baadhi ya sheria hazilipi siku tatu za kwanza.

Malipo ya ulemavu wa kudumu hutolewa pale ambapo jeraha limeacha upungufu usiokwisha. Upungufu mkubwa kwa kawaida huleta pensheni, na mdogo huweza kulipwa kwa mkupuo, yaani kiasi chote mara moja. Mtu anayehitaji kusaidiwa na mwingine kila siku, kwa kuogeshwa au kulishwa, anastahili nyongeza kwa ajili hiyo. Mfanyakazi akifariki, wategemezi wake hulipwa pensheni na gharama za mazishi. Kiwango cha chini cha Mkataba Na. 121 kwa mjane mwenye watoto wawili ni asilimia 50.

Sasa hesabu. Tuseme mshahara wako wa msingi ni 600,000 kwa mwezi, na kwa wastani wa mwaka mzima umekuwa ukipata 90,000 za saa za ziada kila mwezi. Mwajiri akijaza 600,000 kwenye fomu, asilimia 60 yake ni 360,000. Sheria yako ikiwa inahesabu mapato yote ya kawaida, kiasi sahihi ni 690,000, na asilimia 60 yake ni 414,000. Tofauti ni 54,000 kila mwezi, na kwa mtu atakayelipwa pensheni maisha yake yote, kosa la mstari mmoja kwenye fomu litadumu maisha yote. Ndiyo maana hati za mshahara za miezi 12 zimewekwa mapema katika orodha ya hapo juu.

Hatua ya 6: Fuata matibabu bila kukatiza

Hudhuria kliniki zote, na ukishindwa kwenda toa taarifa na sababu. Kukataa matibabu au mafunzo ya utengemao, yaani ya kukurudishia uwezo wako, bila sababu ya msingi ni miongoni mwa mambo machache yanayoruhusu malipo kusimamishwa. Cheti cha mapumziko kisiachwe kikaisha siku tano kabla hujapata kingine. Pengo hilo husomwa kama siku ulizokuwa mzima.

Ukirudishwa kazini kwa kazi nyepesi, omba daktari aandike mipaka kwa vipimo: usinyanyue zaidi ya kilo 5, usisimame zaidi ya nusu saa mfululizo, usipande ngazi. Maneno «kazi nyepesi» peke yake kila msimamizi huyatafsiri anavyopenda. Kurudi kabla ya wakati kwa kuogopa kupoteza nafasi ni jambo linaloeleweka, lakini ukiumia tena utalazimika kueleza kama hilo ni jeraha la zamani au jipya, na jibu lake huchukua muda mrefu.

Hatua ya 7: Jiandae kwa tathmini ya ulemavu

Daktari anaposema kwamba hali yako imetulia, yaani matibabu zaidi hayatabadilisha mengi, ndipo hupimwa asilimia ya ulemavu wa kudumu. Asilimia hiyo hutokana na jedwali la sheria au mwongozo wa kitabibu, na malipo huzidishwa nayo: katika mifumo inayotumia hesabu ya moja kwa moja, ulemavu wa asilimia 40 kwenye pensheni kamili ya 414,000 ni 165,600.

Kabla ya siku hiyo, pitia daftari lako na uandike mambo ambayo huwezi kuyafanya au unayafanya kwa shida. Mbele ya mtathmini usijikaze wala usiigize. Waafrika wa pande hizi tumefunzwa kujibu «nzuri» tunapoulizwa hali, na jibu hilo la adabu hubadilika kuwa maandishi yenye hasara. Sema: «Ninaweza kufunga vifungo vya shati, lakini natumia dakika kumi na vidole viwili hufa ganzi.»

Hatua ya 8: Soma kabla ya kusaini

Karatasi zenye maneno «malipo kamili na ya mwisho» ndizo zinazowaliza watu wengi. Ukisaini kwamba huna dai jingine, huenda ukawa umefunga mlango wa matibabu ya baadaye na wa kupimwa upya hali ikizorota. Kuhusu kubadili pensheni kuwa mkupuo, Mkataba Na. 121 unalichukulia kuwa jambo la nadra linalohitaji ridhaa ya aliyeumia, na mamlaka iwe na sababu ya kuamini kwamba fedha hizo zitamnufaisha mhusika kwa namna ya pekee. Maoni yangu ni kwamba anayekuharakisha usaini leo hii amekupa sababu tosha ya kuichukua karatasi hiyo ukaisome kwanza na mwanasheria, chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi.

Ikiwa tatizo ni ugonjwa, si ajali

Uziwi wa kelele za mashine, vumbi la mawe mapafuni, ngozi iliyoharibiwa na kemikali: haya hayana tarehe wala shahidi. Mara nyingi muda wa kudai huanza kuhesabiwa siku daktari alipokuambia kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Angalia kama ugonjwa wako umo katika orodha ya taifa ya magonjwa yatokanayo na kazi, maana ukiwemo, na ulifanya kazi inayohusika, kuthibitisha kunakuwa rahisi zaidi. Andika historia ya kazi zako zote: mahali, miaka, kemikali au mashine ulizotumia, na kinga ulizopewa au kunyimwa. Mwajiri wa miaka ya nyuma naye anaweza kuhusika.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyakabili

*Mwajiri anakataa kujaza fomu.* Peleka dai lako moja kwa moja kwa mlipaji au ofisi ya kazi, ukiambatanisha taarifa uliyotuma na uthibitisho kwamba aliipokea.

*Huna mkataba wa maandishi, au umeitwa kibarua au mkandarasi.* Jina la karatasi haliamui peke yake. Kinachoangaliwa ni nani alikupangia saa, alikupa vifaa, alikuelekeza na kukulipa. Ujumbe wa simu na miamala ya malipo hufaa sana hapa.

*Umeumia siku ya kwanza, au mwajiri hakuwa akichangia.* Mkataba Na. 121 unakataza haki ya mtu aliyepata ajali kufungwa na urefu wa ajira, muda wa bima au ulipaji wa michango. Dai bila kuogopa. Deni la michango ni baina ya mwajiri na mfuko.

*Unaambiwa kosa ni lako.* Uzembe wa kawaida kwa kawaida hauondoi haki. Yanayoweza kuiondoa ni mazito zaidi: kujiumiza kwa makusudi, ulevi wa hiari uliosababisha ajali, utovu mkubwa wa makusudi, au dai la uongo.

*Uliumia njiani.* Sheria nyingine huhesabu safari ya moja kwa moja kati ya nyumbani na kazini, nyingine haziihesabu. Ukitumwa na ofisi, au ukiwa ndani ya gari lake, hoja yako ni nzito zaidi. Andika njia uliyopita na kama ulikengeuka.

*Ulikuwa na maumivu ya zamani.* Usiyafiche. Mwombe daktari aeleze hali ilikuwaje kabla na ajali iliongeza nini. Jeraha lililochochewa na kazi huweza kulipwa, lakini historia iliyofichwa ikigundulika huharibu hata sehemu ya kweli.

*Wewe ni raia wa nchi nyingine.* Mkataba Na. 19 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1925, unazitaka nchi zilizouridhia ziwatendee wafanyakazi wa kutoka nchi wanachama wenzao sawa na raia wao katika fidia ya ajali, pamoja na wategemezi wao.

*Dai limekataliwa au malipo yamekatika ghafla.* Omba uamuzi kwa barua inayotaja sababu na kifungu cha sheria. Haki ya kukata rufaa ni sehemu ya Mkataba Na. 121, lakini muda wake ni mfupi na huhesabiwa tangu tarehe ya barua au siku ulipoipokea. Kwa hiyo andika siku hiyo juu ya bahasha na uihifadhi bahasha yenyewe. Rufaa ijibu sababu iliyotolewa na si nyingine: wakisema jeraha halikutokana na kazi, peleka taarifa ya siku ya kwanza na kadi ya hospitali, wakisema umepona, peleka ripoti mpya ya daktari bingwa. Ikiwa muda unakaribia kwisha na ripoti haijatoka, wasilisha rufaa kwa ulichonacho na ueleze kwa maandishi kwamba ripoti itafuata.